Vitabu vya Kuchekesha vya Enzi ya Malkia Victoria: Kipi Ununue Kwanza

Hakimiliki ya vitabu vya kuchekesha na kukejeli vilivyotoka Uingereza kati ya 1837 na 1901 iliisha zamani, hivyo mchapishaji yeyote anaweza kuvitoa upya, na wengi huviondolea picha ili kupunguza gharama. Kwa hiyo chagua kitabu, kisha uchague toleo kwa uangalifu uleule.

Nafasi ya kwanza naipa The Diary of a Nobody ya ndugu wawili, George na Weedon Grossmith, kilichoanza kutoka kwa vipande katika jarida la Punch mwaka 1888 na kuwa kitabu mwaka 1892. Ni shajara ya Charles Pooter, karani wa London anayejali mno heshima yake. Baada ya kununua rangi nyekundu na kupendezwa nayo, anapaka ndoo ya makaa, migongo ya vitabu vyake vya Shakespeare, na hatimaye hodhi la kuogea. Siku chache baadaye anaingia katika maji ya moto, rangi inayeyuka, naye akiona mkono wake mwekundu anaamini kwamba mshipa umempasuka. Ni kifupi, na Weedon mwenyewe ndiye aliyekichorea picha.

Cha pili ni Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome (1889), safari ya mashua katika mto Thames. Pale marafiki watatu wanapopigana na kopo la nanasi bila kitu cha kulifungulia, msomaji hucheka kwa sauti, ila maelezo ya mandhari na historia hupunguza kasi.

Vanity Fair cha Thackeray, kilichotolewa kwa matoleo ya kila mwezi mwaka 1847 na 1848, ndicho chenye kejeli kali kuliko vyote, lakini unene wake unakiweka nafasi ya tatu. Hapa usikubali kabisa toleo lisilo na michoro ya mwandishi: karibu na mwisho, mchoro unamwonyesha Becky Sharp, mhusika mkuu, amejificha nyuma ya pazia, na kutia shaka kuhusu kifo ambacho maandishi yanakipitia juu juu.

Erewhon cha Samuel Butler (1872), kuhusu nchi inayowafunga wagonjwa na kuwatibu wezi, kinafikirisha kuliko kuchekesha; kinunue mwisho.

Vyote vinne vinapatikana bure katika tovuti ya Project Gutenberg, basi soma sura moja au mbili kabla ya kulipa.