"Ni bigijii tu mama": yaliyonikuta na bigijii za kafeini

Naandika hii bado nina hasira na ni wiki kadhaa zimeshapita. Kama uko Kigoma na umeanza kuziona zile bigijii za kafeini, ile kitu ya kwenye kahawa inayokata usingizi, kwenye maduka ya dawa, usinunue. Au nunua, lakini soma kwanza hapa mpaka mwisho, maana mimi aliyeniuzia hakunieleza kitu na nilichokipata nakijua mwenyewe.

Mi nauza dagaa. Wanaoijua Kibirizi wanajua kazi yetu ilivyo, boti zinaingia alfajiri, wavuvi wamekesha ziwani na taa zao, na wewe mnunuzi ukichelewa dagaa wazuri wameshabebwa unabaki kuokoteza. Siku za giza, mwezi usipokuwepo, usingizi kwetu ni kitu cha kuibia ibia. Saa nane usiku nimeamka, saa tisa niko ufukweni, mchana naanika, jioni nafunga magunia ya kupakia treni kwenda Tabora, halafu usiku huohuo naanza upya. Miaka yote nimeishi kwa kahawa, ile chungu ya vikombe vidogo ya Ujiji, na nikizidiwa nakunywa enaji ila hizo zinanichoma tumbo. Ndo mwenzangu mmoja akaniambia kuna bigijii unatafuna usingizi unakata hapohapo, hata wanajeshi wa Marekani wanapewa.

Nikaenda duka moja la dawa mjini, silitaji. Yupo kijana kaunta macho yote kwenye simu. Mbele yangu kuna dada mjamzito, tumbo kubwa tu la kuonekana, kanunua vidonge vyake halafu akachukua na pakiti ya hizohizo bigijii, kijana kapokea hela kamrudishia chenji bila hata kumwangalia. Zamu yangu ikafika, nikaishika pakiti nikawa najaribu kusoma, maandishi madogo na ya Kiingereza. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hii natafuna ngapi na kwa muda gani?" Akanijibu, "Mama umekuja kununua au kusoma?" Watu nyuma wakacheka. Nikanyamaza kidogo, nikarudia kwa upole kabisa maana mi sio mgomvi, nikamwambia nataka kujua tu inatumikaje. Akasema, "Ni bigijii tu mama, kwani hujawahi kutafuna bigijii? Ukiona bado unasinzia ongeza nyingine."

Ni bigijii tu. Hayo maneno mpaka leo yananirudia nikiwa naanika.

Usiku ule nilikunywa kahawa yangu vikombe viwili kama kawaida, nikateremka Kibirizi. Kwenye saa tisa nikatia moja mdomoni. Chungu! Utamu upo mwanzoni kidogo halafu inakuja ile ladha kama umelamba kidonge. Nikatafuna dakika kumi, ishirini, naona macho bado mazito na mi nilishaambiwa inakata hapohapo, kwa hiyo nikafanya nilivyoelekezwa, nikaongeza ya pili, na muda si mrefu ya tatu. Boti ya kwanza inaingia mimi moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, mikono inatetemeka, jasho, na upepo wa ziwani ulivyo wa baridi saa zile. Nahesabu hela nakosea, nahesabu tena nakosea, yule mzee mwenye boti ambaye nimenunua kwake miaka akanishika mkono akasema, "Mama, unaumwa wewe, kaa chini." Nikakaa kwenye mchanga kama mgonjwa nawaangalia wenzangu wanabeba mabeseni. Dagaa wa siku ile walikuwa wazuri, weupe, wazima. Nikaambulia beseni moja la mwisho. Na mchana wote sikupata usingizi hata lepe, nimelala chali naangalia bati.

Sasa nina mtoto wa kaka yangu anasomea famasia Dar, nikampigia jioni nalalamika kwamba nimeuziwa sumu. Akaniuliza swali moja tu, "Shangazi, ulitafuna ngapi na baada ya muda gani?" Nilipomwambia akashusha pumzi. Na hapa ndo ninapotaka mnisikilize, maana alichonieleza yeye kwa dakika chache kwenye simu yule kijana wa kaunta angeweza kukisema kwa sentensi mbili.

Anasema kahawa au kidonge cha kafeini kikimezwa lazima kishuke tumboni, tumbo likiachie, kiende kwenye utumbo, ndo kiingie kwenye damu, na damu hiyo inaanza kupita kwenye ini kabla ya kuzunguka mwilini. Bigijii ina njia mbili. Ngozi ya ndani ya mashavu na chini ya ulimi ni laini na ina mishipa midogo ya damu mingi sana, kwa hiyo ukitafuna kafeini inayotoka inaanza kupenya palepale mdomoni na kuingia kwenye damu bila kusubiri tumbo wala kuanzia kwenye ini. Nyingine unaimeza na mate, hiyo inafuata njia ileile ya kahawa. Na kinachotoka kinatoka haraka, kama asilimia 85 ya kafeini inakuwa imeshatoka kwenye bigijii ndani ya dakika 5 za kutafuna. Dakika 5! Mi nilitafuna ishirini. Baada ya zile tano nilikuwa natafuna mpira tu nikidhani bado nanyonya dawa.

Kikubwa zaidi ni hiki. Akaniambia kuna utafiti wa watu wa jeshi la Marekani, wa taasisi yao ya utafiti inayoitwa Walter Reed, ulitoka 2002, waliwapa watu kafeini miligramu 50, 100 na 200, wengine kwa bigijii na wengine kwa kidonge, wakawa wanawapima damu. Wa bigijii kafeini ilifika kileleni kwenye damu kati ya dakika 44 na 80, wa vidonge kati ya dakika 84 na 120. Lakini jumla iliyoingia mwilini karibu ni ileile. "Shangazi, kinachotofautiana ni mwendo, kiasi hakipungui." Kwa hiyo hata hiyo bigijii ya haraka bado inapanda kwa muda wa robo tatu ya saa mpaka saa nzima na zaidi. Unaanza kuchangamka mapema, ndio, ila ile ya kwanza ilikuwa bado inapanda mimi nikairundikia ya pili, ya pili haijafika popote nikatia ya tatu, na chini kuna kahawa vikombe viwili. Kila moja ilikuwa na miligramu 100. Mamlaka za chakula za Ulaya zinasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku, mimi nilipiga 300 ndani ya nusu saa ukiacha kahawa. Halafu kafeini ikishaingia haitoki upesi, inachukua kama saa tano ipungue nusu, kwa wengine pungufu na kwa wengine zaidi, sasa piga hesabu mwenyewe, nimetafuna saa tisa na nusu usiku, saa mbili na nusu asubuhi nusu yake bado imo. Ningelala saa ngapi?

Na usingizi wenyewe kumbe haujaondoka. Kuna kitu kinaitwa adenosini kinajikusanya kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho, ndo kinachokwambia umechoka. Kafeini inakwenda kukaa kwenye siti yake, kama mtu kakaa siti yako kwenye basi la Kasulu, wewe unabaki umesimama mlangoni, akishuka tu unakaa. Ndo maana kesho yake nilianguka kama gogo.

Basi nilivyoelewa nikatulia, na lazima niseme ukweli, nilijaribu tena. Usiku mwingine, bila kahawa, bigijii moja, nikaangalia saa, dakika tano nikatema kwenye karatasi, nikasubiri. Jamani. Boti zinaingia mimi macho makavu, kichwa cheupe, tumbo halichomi hata kidogo, mikono imetulia, nikawa wa kwanza kwenye boti ya yule mzee na akaniambia leo umepona. Kwa kazi yetu sisi, ambapo kuchemsha kahawa ufukweni saa tisa usiku ni shughuli nzima na ukinywa nyingi unahangaika pa kwenda haja, kitu cha kukaa mfukoni namna hii ni msaada mkubwa. Kwa hiyo nilivyosema usinunue pale juu nilikuwa na hasira, nafuta.

Ila sifuti yote. Nikikumbuka yule dada mjamzito nashindwa kufuta. Mtoto wa kaka yangu anasema mjamzito kafeini inakaa mwilini mwake muda mrefu sana kuliko mtu mwingine, na inapita mpaka kwa mtoto tumboni, wanaambiwa wasizidishe miligramu 200 kwa siku nzima. Yeye kaenda na pakiti ya vipande vitano na hakuna aliyemwambia neno, na kama angeuliza angechekwa kama mimi. Na pale kaunta zimewekwa pembeni ya pipi. Mtoto anajuaje hii sio bazoka? Hata huko Marekani mwaka 2013 kampuni ya Wrigley ilitoa bigijii ya kafeini, kila kipande miligramu 40 tu, na muda mfupi baadaye wakasitisha kuiuza kwa sababu mamlaka ya chakula na dawa ilianza kuhoji habari ya kafeini kutiwa kwenye kila kitu na watoto kuweza kuipata kirahisi. Kwao huko ya 40 ilileta maswali. Sisi ya 100 tunaambiwa ni bigijii tu.

Juzi nilirudi dukani, sio kugombana, nilitaka kumwambia tu awe anawaeleza watu, moja, dakika tano, halafu subiri saa nzima kabla hujaongeza, mjamzito na mtoto usimuuzie. Alikuwa yuleyule, simu ileile. Akanisikiliza nusu akasema, "Sasa mama si umerudi kununua? Basi inafanya kazi." Nilichukua pochi yangu nikatoka. Nyota nne kwa bigijii, kwa lile duka sitoi hata moja, na nikifikiria yule dada hata zile nne naona nyingi.

Mwezi umeshaanza kuwa mkubwa kwa hiyo kwa sasa nalala. Giza likirudi nitazihitaji tena na pale sirudi. Mlioko Tabora, kuna duka lolote maeneo ya karibu na stesheni wanaziuza na wanajibu mtu akiwauliza? Mzigo wangu unashukia hapo na huwa nakuja nao mwenyewe.