Gharama za kujenga baraza lenye paa nyumbani: uzoefu wangu Kigamboni

Baraza letu lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 3.5, yaani mita za mraba 21. Limeegemea ukuta wa nyuma wa nyumba yetu hapa Kigamboni, Dar es Salaam, na limegharimu shilingi 5,707,000 kuanzia uchimbaji wa msingi hadi rangi. Nilipokuwa nikitafuta makadirio, karibu kila niliyemuuliza alinitajia bei ya mita moja ya mraba, kana kwamba baraza ni zulia la kukatwa dukani, na bei hizo zilipishana mno hata zikakosa maana. Ukigawanya jumla yangu utapata takriban shilingi 272,000 kwa mita ya mraba. Namba hiyo, hata hivyo, haitamfaa mtu ambaye paa la nyumba yake lina kimo tofauti na la kwetu, kwa sababu kilichoamua gharama kuliko ukubwa wenyewe ni mahali paa jipya linapokutana na paa la zamani.

Makadirio ya kwanza nilipewa na karakana ya uchomeleaji: shilingi 3,400,000 kwa paa la bati juu ya fremu na nguzo za skwea paipu, yaani mabomba ya chuma ya pembe nne. Bei ilivutia, lakini nilipoomba ichanganuliwe kipengele kwa kipengele nikakuta haina jamvi (zege la sakafu), haina gata (mfereji wa kukusanya maji ya paa), haina dari, na nguzo zake zilikuwa za kusimikwa katika vishimo vifupi vya zege bila kitako, yaani zege pana la kukalia nguzo chini ya ardhi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chuma chembamba hufanywa nini na hewa ya chumvi, hasa pale nguzo inapotokeza kwenye sakafu na maji kusimama. Makadirio ya pili yalitoka kwa mkandarasi aliyetaka shilingi 8,200,000 kwa kila kitu, nami nikikabidhiwa baraza lililokamilika. Huyo sina lawama naye, kwani alikuja na futi kamba, akapanda juu ya paa na kuuliza maswali ya maana, ila fedha hiyo hatukuwa nayo. Wa tatu ni fundi mwashi anayefanya kazi na kikundi chake, mwenye fundi wa kupaua na saidia fundi wake, na ndiye tuliyempa kazi kwa masharti kwamba vifaa nanunua mimi na yeye analipwa ufundi. Tathmini hii ni ya huduma yake.

Nianze na paa, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza mengi. Fishabodi ya nyumba yetu, yaani ubao wa ukingo wa paa, ilikuwa mita 2.6 kutoka sakafuni, kimo cha kawaida kwa nyumba nyingi za mtaani kwetu. Wengi hudhani baraza huanzia chini ya fishabodi na kushuka kuelekea uani. Fundi alichukua penseli akapiga hesabu hiyo ukutani mbele yangu: bati likipewa mteremko wa nyuzi 10, litashuka karibu sentimeta 70 kabla ya kufika ukingo wa mbele, na hapo litakuwa limebaki mita 1.9 tu juu ya sakafu. Mtu mrefu angeinama kila anapotoka uani. Ungeweza kupunguza mteremko ili upate kimo, lakini bati lililolazwa mno huchelewesha maji, na mvua ya upepo huyarudisha nyuma mpaka yakaingia kwenye maungio na matundu ya misumari.

Njia aliyopendekeza ni kufungua bati la zamani kwa kiasi cha mita moja kutoka ukingoni na kuanzisha paa jipya kutoka huko juu. Paa la nyumba lina mwinuko mkali zaidi, hivyo kupanda mita moja kulituongezea zaidi ya sentimeta 40 za kimo, na ukingo wa mbele wa baraza ukabaki juu kidogo ya mita 2.2. Kenchi mpya, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zilifungwa ubavuni mwa kenchi za zamani kwa boliti, si kwa misumari peke yake. Bati jipya likaingizwa chini ya bati la zamani kwa sentimeta 30, ili maji yanayotoka juu yadondokee juu ya bati jipya na yasipate pa kupenya. Pembeni, ambako paa jipya linaishia na la zamani linaendelea, yalikunjwa mabati maalumu ya kuziba maungio na kupakwa silikoni chini yake. Nilipanda ngazi kutazama kabla hawajafunga, na nashauri kila mwenye nyumba afanye vivyo hivyo au amtume mtu anayemwamini, kwa kuwa sehemu hiyo ikishafunikwa huwezi kuikagua tena mpaka ivuje.

Maungio hayo, pamoja na gata, mabomba ya kushusha maji, boliti na misumari, yalikula shilingi 310,000. Mabati yenyewe, vipande 8 vya mita 5 kwa shilingi 12,900 kila mita, yalikuwa shilingi 516,000. Kwa maneno mengine, kwa kila shilingi niliyotumia kununua bati nilitumia senti 60 za ziada kulifanya lisivujishe, na hicho ndicho kipengele ambacho karakana ile haikukigusa kabisa. Gata nayo si pambo. Paa la baraza ni kama mita za mraba 28 ukihesabu na ukingo, na mvua ya milimita 25 juu ya eneo hilo hutoa lita 700, bila kuhesabu maji yanayoteremka kutoka paa la nyumba. Wakati wa masika maji hayo yote yangeangukia mguuni mwa nguzo. Sasa yanaingia kwenye tangi, na bustani ya mke wangu ndiyo inayofaidi.

Bati nililochagua ni geji 28 (geji ni kipimo cha unene) la rangi ya kijivu kisichokolea. Mafundi wengi hukushawishi uchukue geji 30 kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa namba kubwa huwadanganya wanunuzi wakidhani ni bati nene, ilhali kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Kwa paa ambalo watu watalikanyaga wakati wa kusafisha gata, sioni busara ya kuokoa hapo. Mbao zilinigharimu shilingi 480,000 pamoja na fishabodi na mbao za kusetia nguzo, yaani za kushikilia zege mpaka likauke. Nilinunua paini ya Mafinga iliyotiwa dawa, na muuzaji alipokata ncha ya ubao mmoja nilitazama kama ukijani wa dawa umeingia ndani au umeishia juu tu. Rundo la kwanza ulikuwa umeishia juu, nikahamia duka la jirani.

Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Lindi, alisema tangu mwanzo kwamba tungeezeka makuti tukamaliza maneno, na kwa upande wa joto hakukosea hata kidogo. Chini ya makuti kuna ubaridi ambao bati haliwezi kuutoa. Lakini makuti hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, hukaribisha wadudu, na jiko letu la mkaa huwa hatua chache tu kutoka hapo. Tulibaki na bati, tukalipia dari. Hii dari nilikuwa nimeiondoa kwenye bajeti, nikidhani baraza lililo wazi pande tatu litapitisha upepo wa kutosha. Paa lilipokamilika, saa nane mchana hapakukalika. Upepo wa kusi ulipita vizuri kwenye miguu huku kichwa kikiungua kwa joto linaloshuka kutoka kwenye bati. Tukafunga dari ya plastiki, ambayo pamoja na fremu yake ilifikia shilingi 420,000. Jipsamu ingependeza zaidi machoni, lakini haistahimili unyevunyevu wa nje. Kama bajeti yako ni finyu, ningesema acha tailizi (vigae vya sakafu) kwanza uweke dari. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inakalika, bali bati tupu la pwani halikaliki.

Sehemu ya chini iligharimu shilingi 1,622,000, ambayo ni zaidi ya vifaa vyote vya paa vikijumlishwa bila dari. Humo kuna mifuko 38 ya saruji kwa shilingi 15,500 kila mmoja, matofali 90 ya inchi sita, nondo, mchanga, kokoto na malori mawili ya kifusi cha kuinulia sakafu. Nguzo ni nne, kila moja ina kitako cha zege cha sentimeta 80 kwa 80, na vichwa vyake vimeshikwa na mkanda wa zege unaobeba paa. Kuna jirani aliyeniambia kwamba hayo ni makubwa mno kwa kibaraza. Paa jepesi lililo wazi, hata hivyo, huinuliwa na upepo kabla halijaelemewa na uzito wowote, na kitako kizito ndicho kinacholishikilia chini. Nilisisitiza saruji ya nguvu ya 42.5 kwa nguzo na mkanda, na ile ya 32.5 nikaiacha kwa plasta na kusawazisha sakafu. Kokoto nilichukua za Lugoba, ambazo ni ngumu kuliko zile za mawe ya chokaa zinazopatikana karibu na jiji, ingawa lori lake ni ghali zaidi.

Juu ya nondo nina neno moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 hupaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Duka moja niliomba wanipimie, wakakataa wakisema hawauzi kwa kilo. Nilinunua kwingine, ambako bei ilikuwa shilingi 24,000 kwa nondo na mizani ilikuwepo mlangoni.

Umaliziaji sina mengi ya kuueleza. Tailizi za nje zenye ngozi ya kukwaruza, pamoja na gundi yake, zilikuwa shilingi 495,000. Umeme wa taa nne na soketi shilingi 160,000. Rangi shilingi 140,000. Sakafu ya baraza tuliishusha sentimeta 5 chini ya sakafu ya ndani na kuipa mteremko mdogo kuelekea uani, jambo ambalo halina gharama yoyote likikumbukwa kabla ya kumwaga jamvi. Usafiri ulifika shilingi 120,000, sehemu yake ikiwa tozo ya Daraja la Nyerere, kwani mabati niliyafuata ng'ambo ya daraja hilo. Katika jumla yangu sijaingiza ada ya kibali cha ujenzi. Kibali hutolewa na halmashauri, na kuongeza baraza kwenye nyumba si jambo la kufanya kimyakimya kwa kudhani halihesabiwi kuwa ujenzi.

Ufundi wote ulikuwa shilingi 1,444,000, yaani karibu robo ya gharama. Kati yake, shilingi 650,000 zilikuwa za msingi, jamvi na nguzo, shilingi 350,000 za kupaua, na zilizobaki ziligawanywa kwa tailizi, dari, umeme na rangi. Tulilipana kwa hatua: hatukutoa fedha ya hatua inayofuata mpaka iliyopo ikaguliwe, na shilingi 150,000 za kupaua zilizuiwa hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Fundi alilikubali sharti hilo bila kununa, na kwangu hiyo ilikuwa dalili njema kuliko picha zote za kazi alizonionyesha kwenye simu. Mvua ilipokuja, tone lilipenya kwenye msumari mmoja uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Alikuja siku iliyofuata, akaung'oa, akaziba tundu, akapiga mwingine mahali panapostahili, kisha nikammalizia fedha zake.

Kuhusu vifaa, makadirio yake ya awali yalikuwa pungufu kwa mifuko ya saruji na yalizidi kidogo kwa mbao, kiasi ambacho nakiona cha kawaida. Usafi wa eneo haukuniridhisha; vipande vya nondo na misumari tuliendelea kuviokota uani muda mrefu baada ya wao kuondoka, na nyumba ina watoto. Mtu wake wa tailizi pia hakunifurahisha. Alianza kupanga upande wa uani, hivyo vipande vilivyokatwa vikaangukia mlangoni, mahali ambapo jicho la mgeni linafikia kwanza, na nilipomwambia alijibu kwamba vitafunikwa na zulia. Kazi ya zege na paa ningempa fundi huyu tena bila kusita, na nimekwisha kumpeleka kwa shemeji yangu anayetaka baraza la ukubwa kama huu Kibada; ila shemeji nimemwambia atafute fundi tailizi wake mwenyewe, na amwekee fundi sharti la kufagia misumari kabla ya malipo ya mwisho.