C-SPAN na simu za wananchi baada ya hotuba ya mgombea: huduma ya bure ambayo wengi wetu tunaipita

Wadau, kila msimu wa uchaguzi wa Marekani ukifika naona kwenye magrupu watu wanagombana mpaka kutoana kwenye grupu kuhusu hotuba ambayo hata hawajaisikiliza, mtu kaona klipu ya sekunde thelathini iliyokatwa na mwenye upande wake basi ameshatoa hukumu. Ndo maana leo nataka kuwaelezea huduma moja ninayoitumia muda mrefu na ninaipenda kweli, inaitwa C-SPAN, na hasa ile sehemu ambayo mgombea urais akishamaliza hotuba yake ya kukubali uteuzi wanafungua simu, mwananchi anapiga kutoka mjini kwake anasema yeye ameisikiaje. Mi naishi huku Ohio, ila hii hata aliyeko Mbeya au Mombasa anaweza kuitumia, mradi ana intaneti.

Kwa asiyeijua, C-SPAN ni chaneli isiyo ya faida, ilianza Machi 1979 kwa kuonyesha vikao vya Baraza la Wawakilishi moja kwa moja, na mbunge wa kwanza kuongea mbele ya zile kamera alikuwa Al Gore, ambaye mwaka 2000 akaja kuwa mgombea mwenyewe. Hela yao inatoka kwa kampuni za kebo, senti chache kwa kila mteja, sio serikalini. Na tangu 1984 mikutano mikuu ya vyama, ile ambayo mgombea anakubali uteuzi, wanaionyesha yote kuanzia rungu la mwenyekiti la ufunguzi hadi la kufunga. Hapo ndo nilipoanzia kuwapenda jamani, maana hakuna mchambuzi anayeongea juu ya mgombea, hakuna tangazo la dawa ya presha katikati, unaona ukumbi, unaona mtu anaongea, akikohoa unasikia anakohoa.

Sasa kwanini nasisitiza simu za wananchi na sio ukumbi? Kwa sababu ukumbi unadanganya. Waliomo mle ni wajumbe, ni watu wa chama, wamekuja kushangilia. Angalia Goldwater, mgombea wa Republican mwaka 1964 kule Cow Palace karibu na San Francisco, alisema kuwa na msimamo mkali katika kutetea uhuru sio kosa, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, Novemba akaambulia majimbo 6 tu. Au Mondale wa Democrat 1984, tena San Francisco hiyohiyo, akawaambia Wamarekani wazi kwamba Rais Reagan, mpinzani wake, atapandisha kodi na yeye pia atapandisha, tofauti ni kwamba Reagan hatawaambia na yeye amewaambia. Mle ndani walipiga makofi, wengi wakamsifu kwa ukweli. Nje watu walisikia neno moja tu, kodi. Akashinda Minnesota nyumbani kwake na Washington DC, basi. Ukimwangalia Mondale kwenye video halafu ukajua kilichofuata unaelewa kwamba makofi ya ukumbini na moyo wa mtu aliyekaa sebuleni kwake na bili ya umeme mezani ni vitu viwili tofauti kabisa, na chaneli nyingi zinakuonyesha makofi zinakuachia hapo.

Simu zenyewe zinavyokwenda: kuna laini tatu, ya Democrat, ya Republican na ya wasiofungamana na chama, unapiga ile inayokuhusu. Mtangazaji anasema jina la kwanza na mji na jimbo, halafu karibu kila usiku utamsikia anamwambia mtu azime sauti ya TV yake kwanza maana mwangwi unarudi. Akishaongea anakatwa kwa heshima, anaingia mwingine. Ukishapiga unatakiwa ukae siku 30 kabla ya kupiga tena, kwahiyo hakuna wale wapiga simu wa kudumu wanaoteka kipindi, kitu ambacho kwenye redio zetu za asubuhi tunakijua sana, kuna sauti unaisikia kila siku mpaka unaijua kuliko ya mtangazaji. Na mtangazaji wa C-SPAN hatoi maoni yake. Hashangai, hacheki, habishani. Mwanzoni inaweza kukukera, utatamani amjibu mtu aliyesema uongo, ila baada ya muda unagundua ule utulivu ndo unaowafanya watu waongee, mtu wa kijijini Iowa haogopi kuchekwa.

Nachukulia 2024 kama mfano maana ndo iko karibu. Trump alikubali uteuzi Julai 18 pale Fiserv Forum, Milwaukee, siku chache baada ya kupigwa risasi Butler, Pennsylvania, sikio bado lina bandeji. Mwanzo aliongea taratibu, akasema anagombea kuwa rais wa Marekani yote sio nusu yake, na hapo hata wasiompenda walinyamaza wakasikiliza. Ila hotuba ilienda dakika zaidi ya 90, ndefu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, akarudi kwenye yaleyale ya mikutano yake ya hadhara, kwa saa za huku mashariki ilimalizika usiku wa manane umeshapita. Kamala Harris wa Democrat yeye aliongea Agosti 22 United Center, Chicago, kama dakika 40 hivi, kapangilia, kamaliza. Ukiwasikiliza wachambuzi wa chaneli kubwa wanaulizana nani kaonekana kama rais, nani kavaa nini, urefu wa hotuba. Ukisikiliza simu unasikia mambo mengine. Mtu anaongelea bei ya mayai na mafuta ya gari. Mwingine anaongelea mpaka wa nchi na wahamiaji. Mama anaongelea utoaji mimba na binti zake. Wengine hata hotuba hawaigusi, wanaeleza kiwanda kilichofungwa mjini kwao, na unaelewa kwamba hayo ndo masikio waliyoisikilizia hotuba.

Halafu kuna kile kipande cha Gaza kwenye hotuba ya Harris. Alisema atahakikisha Israel inaweza kujilinda, kisha akasema mateso ya Gaza yanavunja moyo na Wapalestina wana haki ya utu, usalama, uhuru na kujiamulia mambo yao. Ukumbini kilipigiwa makofi makubwa sana. Lakini wiki hiyohiyo kulikuwa na madai kwamba Mmarekani mwenye asili ya Palestina apewe nafasi ya kuongea jukwaani, hakupewa. Nenda sasa Dearborn, Michigan, mji wenye Waarabu wengi, Novemba Trump ndo aliongoza kura pale, mji ambao 2020 ulimpa Biden kwa kishindo. Mtu aliyeangalia makofi ya Chicago peke yake hilo lilimshangaza. Mi nasema hotuba hupimwa Dearborn, hupimwa kwenye vitongoji vya Milwaukee, na Wisconsin yenyewe, jimbo la Milwaukee, mwaka huo iliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura 30,000, kwahiyo sauti ya mtu mmoja anayepiga simu kutoka huko ina uzito jamani, tusiidharau.

Kasoro zipo na nitazisema maana huduma nzuri inastahili kuambiwa ukweli. Kubwa ni kwamba wanaopiga sio picha ya nchi nzima, ni watu wenye muda wa kusubiri kwenye laini na wenye hasira au furaha ya kutosha kuwafanya wanyanyue simu, na kwa masikio yangu wazee ni wengi kuliko vijana. Usichukue simu ishirini ukasema Ohio inafikiri hivi. Kura za maoni zina kazi yake. Ya pili ni ile niliyoigusa, uongo unapita bila kusahihishwa, na mgeni asiyejua siasa za huku anaweza kuondoka ameamini kitu cha ajabu, kwahiyo sikiliza ukiwa na akili yako karibu. Af maandishi yanayoenda na video mengi yametokana na yale maandishi ya chini ya skrini ya TV, majina yanakosewa, usiyanukuu bila kusikiliza sauti.

Ila maktaba yao ya video! Hapa ndo naweza kuongea mpaka kesho. Wanahifadhi vipindi tangu 1987, na kuna vya zamani zaidi, vyote viko wazi kwenye tovuti bila malipo. Unaandika jina la mgombea na mwaka, inakuja hotuba nzima, unaweza kutafuta neno moja ndani ya maandishi ukaruka moja kwa moja pale alipolisema, na unaweza kukata kipande chako. Tafuta Bush mkubwa, New Orleans 1988, alipowaambia watu wasome midomo yake, hakuna kodi mpya. Mwaka 1990 kodi zikapanda, na 1992 wapinzani wakamrushia kauli yake mwenyewe mpaka akaanguka. Tafuta Obama Denver, Agosti 28, 2008, uwanja wa mpira, watu zaidi ya 80,000, ile sehemu anayokumbusha habari ya kijana kutoka Kenya na binti kutoka Kansas, mi hadi leo nikiisikia mwili unasisimka. Kwetu nani anayetunza hivi? Ahadi ya mgombea inatolewa uwanjani, inasikika redioni siku mbili, baada ya miaka mitano unaitafuta unapata klipu ya mtu na muziki wa taarabu juu yake. Kweli inaniuma. Natamani chombo kimoja tu Dar au Nairobi kikae chini kianze kutunza, hotuba nzima, bila kukata, pamoja na simu za wananchi za usiku ule, toka Kigoma, toka Lodwar.

Kwa walioko nyumbani, hotuba hizi huanza kama saa kumi na moja alfajiri yenu, wakati mwingine na nusu, simu zinafuata mnapojiandaa kwenda kazini. Kama hamna bando la video sikilizeni C-SPAN Radio, ni sauti tu, haili data nyingi kama video, na ni bure. Kama umelala, kipindi chao cha asubuhi Washington Journal kinapokea simu kila siku saa moja hadi saa nne asubuhi ya Washington, ambayo kwenu kipindi hicho cha mwaka ni saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na siku inayofuata hotuba hawaongelei kingine. Baadhi ya matangazo ya moja kwa moja tovuti yao inataka uingie na akaunti ya kebo, usihangaike nayo, subiri kidogo kitaingia maktaba.

Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa uongo unaopita bila kuguswa. Republican wameshasema mkutano wao wa 2028 utakuwa Houston, na Houston Waafrika Mashariki tumejaa, wengi wameshapata uraia na wanapiga kura. Nyie mlioko huko mhifadhi namba za zile laini mapema, mgombea akishuka jukwaani mpige, mseme mnaishi mtaa gani na mmesikia nini.