Kigari chepesi cha kukunja: siku nzima ya matembezi na mtoto wa miezi 20

Kigari ninachokitathmini hapa ni kile chembamba cha kukunja ambacho wazazi wengi hukinunua siku chache kabla ya safari, baada ya kutambua kwamba kigari kikubwa cha nyumbani hakiwezi kuingia kwenye buti ya gari pamoja na mabegi. Chetu kina uzito wa kilo 6, magurudumu madogo ya plastiki ngumu, mikanda ya kumfunga mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na kikapu kidogo chini ya kiti. Tulikitumia likizo nzima, lakini hukumu yangu inatokana zaidi na siku moja tuliyotoka asubuhi, tukaingia makumbusho, tukapumzika bustanini na kumalizia ufukweni, tukiwa na binti yetu wa miezi 20 ambaye hutaka kutembea mwenyewe hadi pale anapoamua, bila taarifa yoyote, kwamba hatembei tena.

Watu wakiuliza habari za vigari vya safari, swali lao la kwanza huwa ni uzito. Nililiuliza pia, na sasa naona lilistahili kuwa la tatu. Kigari cha kwanza cha aina hii, kinachokunjika kama mwavuli, kilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza ambaye awali alishiriki kusanifu miguu ya magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, na kwa kutumia mabomba ya alumini alikifanya kisifike hata kilo 3. Vya leo vimenenepa kwa sababu vimeongezewa egemeo la mgongo linalolala, paa la kitambaa na kikapu. Kwa siku ya matembezi, kilo hizo za ziada ndizo zinazofanya kazi.

Egemeo ndilo lililotuokoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha ule wa mchana, na likizoni usingizi huo wa mchana hauna kitanda. Ilipofika saa sita na nusu, katikati ya ukumbi wa makumbusho, binti yetu alianza kujipinda na kusukuma mikanda. Egemeo la kigari hiki hulazwa kwa kuvuta utepe nyuma ya kiti, polepole na bila mlio, kwa hiyo nilimlaza huku nikiendelea kutembea, na kabla hatujafika mwisho wa ukumbi alikuwa amelala fofofo. Nimewahi kuazima kigari ambacho egemeo lake huachia kwa kishindo, na anayejua jinsi mtoto anavyofumbua macho wakati huo hatahitaji maelezo zaidi. Paa nalo linashuka vizuri hadi kifuani na lina dirisha la wavu linalopitisha hewa. Pasipo paa la namna hiyo, mzazi hushawishika kutupia kanga au shali juu ya kigari, jambo ambalo si salama, kwa kuwa hewa haizunguki, joto linajikusanya ndani haraka, na mtoto haonekani. Alilala dakika 50, nasi tukaangalia ghorofa nzima ya juu tukizungumza kama watu wazima.

Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huu asifungwe kwenye kigari kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, na awe na angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kwa siku. Maana yake ni kwamba kigari hutumia sehemu kubwa ya matembezi kikiwa kitupu, kikisukumwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umemshika mtoto, na hapo ndipo chetu kinapofeli. Kina mipini miwili iliyotengana, na ukisukuma mmoja tu kinakwenda upande kama mbuzi anayekataa kamba. Ningekuwa nanunua upya ningetafuta chenye mpini mmoja mrefu, hata kama kingekuwa kizito zaidi kwa nusu kilo.

Kikapu ni kasoro nyingine: egemeo likilazwa hukifunika, kwa hiyo nepi haziwezi kutolewa mpaka mtoto aamke. Ndiyo sababu nilitundika begi kwenye mipini, ingawa maelekezo yanakataza waziwazi, na nilipomnyanyua binti yangu bustanini, kigari kilianguka chali na chupa ya maji ikamwagika juu ya nguo zake za kubadilisha. Kosa lilikuwa langu, lakini msanifu alinisaidia kulitenda.

Kwenye sakafu na lami kigari kinateleza vizuri. Juu ya mawe kinatetemeka kiasi cha kumwamsha mtoto. Mchangani hakisukumiki kabisa. Tulikigeuza tukakivuta kinyumenyume kwa magurudumu ya nyuma, mtoto akiwa nje, na siku mbili zilizofuata magurudumu yalilia hadi tulipoyaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuyakausha.

Kuhusu kukunja, boksi linadai mkono mmoja unatosha. Mimi nilihitaji mikono miwili na mguu, na baada ya wiki moja mguu ukaacha kuhitajika. Anayepanda ndege aulize shirika lake mapema kama kigari kitaruhusiwa kuingia naye au kitachukuliwa mlangoni, kwa sababu vipimo vinatofautiana, na apime kigari chenyewe kikiwa kimekunjwa. Chetu, magurudumu yakihesabiwa, kilizidi kwa sentimita 4 urefu ulioandikwa kwenye boksi.