Kindle, Kobo au simu tu? Mwongozo wa kununua kifaa cha kusomea vitabu Nairobi

Kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza: vitabu unavyosoma huvitoa wapi? Nimeona watu wakitoa zaidi ya elfu ishirini kununua Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon, na baada ya miezi miwili imelala kabatini kwa sababu walichopenda kusoma hakimo humo. Kwa hiyo kabla hujafika dukani, andika vitabu vitano vya mwisho ulivyosoma na namna ulivyovipata. Kama vingi ni vya Kiingereza vilivyochapishwa nje, riwaya au vya maarifa, endelea kusoma. Kama ni riwaya za Kiswahili, vitabu teule vya fasihi shuleni au noti za chuo za PDF, ruka kwanza hadi sehemu za tableti na za Kiswahili, kuelekea mwisho wa mwongozo huu, huenda ukaokoa pesa zako.

Mimi nimesomea kwenye vifaa hivi kwa miaka kadhaa, zaidi ndani ya matatu ya Thika Road asubuhi na jioni. Kinachonifanya nivitetee ni ile skrini. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma juu au chini, zikishatulia hazihitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu betri hukaa wiki nzima nzima, na ndiyo sababu jua la saa nane likipiga dirishani maandishi yanazidi kuonekana wazi, wakati skrini ya simu inageuka kioo cha kujitazamia. Stima ikipotea mtaani usiku, una taa ndani ya kifaa na huna wasiwasi wa chaji.

Faida nyingine niliijua kupitia kwa mama yangu. Alikuwa ameacha kusoma kabisa, si kwa kukosa hamu, ila herufi za vitabu vya kawaida zilikuwa zimemshinda hata akivaa miwani. Nilimwekea maandishi makubwa, mistari sita saba kwa ukurasa, akamaliza kitabu kizima kwa siku nne. Kama una mzazi wa namna hiyo nyumbani, sababu hii peke yake inatosha.

Sasa hasara, na sitazipunguza. Kitabu cha karatasi ukishakinunua ni chako: utamwazima jirani, utakiuza kwa wale wa vitabu vya inama, vitabu vilivyotumika vinavyopangwa chini kando ya barabara mjini, utamwachia mwanao. Kitabu cha kielektroniki kwa kawaida unanunua ruhusa ya kukisoma tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu vya George Orwell kwenye Kindle za wateja waliokwisha kulipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Pesa walirudishiwa, lakini vitabu viliondoka. Na tangu Februari 2025, Amazon imeondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Mtu anayetaka kuhifadhi maktaba yake mwenyewe alitazame jambo hili kwa makini.

Haya, vifaa vyenyewe, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

Cha kwanza ni Kindle Paperwhite. Toleo la 2024 lina skrini ya inchi 7, na mwanga wake unaweza kuugeuza uwe wa manjano usiku ili usiumize macho. Linastahimili maji, jambo ambalo hutalithamini mpaka mvua ya Aprili ikukute kituoni na mkoba wa kitambaa. Linachajiwa kwa Type-C, chaja ileile ya simu nyingi. Lilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 159.99. Hapa ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya mwenye duka, kwa hiyo usishangae ukitajiwa bei iliyo juu sana ya hiyo. Lile la 2021, la inchi 6.8, lina karibu kila kitu cha maana kilicho kwenye jipya, na ukilipata kwa bei nafuu lichukue bila kusita. Sababu kubwa ya kuiweka Paperwhite juu ni kwamba Nairobi inapatikana: ikiharibika au ukihitaji kava, huhitaji kusubiri mtu atoke ng'ambo. Kulipia vitabu kwenye tovuti za nje si kazi ngumu tena, maana tangu 2022 M-Pesa ina GlobalPay, kadi ya Visa iliyo ndani ya simu.

Cha pili ni Kobo Clara BW, cha kampuni ya Kobo inayoshindana na Amazon, na moyo wangu ungependa kukiweka cha kwanza. Kina inchi 6, kinastahimili maji, kina mwanga wa manjano, na kinafungua faili za EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu vya kielektroniki, moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Unakichomeka kwenye kompyuta, unaweka vitabu, basi. Kindle nayo hupokea EPUB tangu 2022, lakini lazima uzitume kupitia mitambo ya Amazon zibadilishwe, au utumie programu ya bure ya Calibre kuzigeuza mwenyewe. Kilichoshusha Kobo ni kwamba madukani hapa ni adimu. Kama una dada au binamu anayerudi kutoka Uingereza au Kanada, mwagize hicho.

Kindle ya kawaida, ya inchi 6, inakuja ya tatu. Bei yake ya 2024 Marekani ilikuwa dola 109.99. Herufi zake ni kali sawasawa na za Paperwhite, na ni nyepesi hivi kwamba utaishika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chuma cha matatu. Lakini haistahimili maji, na mwanga wake ni mweupe tu. Ukiwa msomaji wa mchana, itakutosha kabisa. Uliza kama ni ile yenye matangazo: huuzwa kwa bei ya chini, halafu picha za biashara zinakaa kwenye skrini kila unapoizima.

Ya nne ni simu uliyo nayo tayari, na nataka uichukulie kwa uzito. Programu za Kindle na Kobo ni za bure. Project Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una zaidi ya vitabu 70,000 vya bure na vya halali, ingawa vingi mno ni vya Kiingereza na vya zamani. Soma kitabu kizima kwenye simu kabla hujanunua kifaa chochote. Ukikimaliza licha ya jumbe za WhatsApp kukukatiza, wewe ni wa Kindle. Ukikwama ukurasa wa thelathini, kifaa kipya hakitakubadilisha.

Tableti za bei rahisi nimeziweka mwisho kwa msomaji wa riwaya: zinamulika usoni usiku, betri haimalizi siku mbili, na ni nzito. Ila mwanafunzi wa chuo aziweke za kwanza. Ukurasa wa PDF wa ukubwa wa A4 kwenye skrini ya inchi 6 ni mateso. Utavuta kushoto, utavuta kulia, mwishowe utaenda kupiga chapa. Tableti ya inchi 10 inaufungua mzima, tena inaingiza programu za wauzaji wa hapa kama eKitabu, ambazo Kindle haiwezi kuziingiza.

Kuhusu vifaa vya ex-UK, yaani vilivyotumika Uingereza kabla ya kuletwa hapa, niseme yaliyonipata. Niliwahi kununua kimoja kwenye duka fulani mjini, kikawaka vizuri, kava lake zuri, nikalipa nikaenda. Nilipofika nyumbani nikakuta bado kiko kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na kimefungwa kwa namba ya siri. Niliporudi kesho yake yule aliyeniuzia hakuwepo. Sitaki yakukute. Kabla ya kutoa hata shilingi, washa intaneti ya simu yako, kiunganishe hapo hapo, uingie kwa akaunti yako mwenyewe uone kama inakubali. Kifunike kwa koti uangalie kama taa zote za pembeni zinawaka sawa. Fungua kurasa ishirini upesi, utafute mstari usiofutika: skrini ikishapasuka ndani, fundi atakudai karibu bei ya kifaa kingine.

Nimebakisha Kiswahili, na hapa ndipo ninapoumia. Nimetafuta riwaya za Kiswahili kwenye maduka hayo ya kielektroniki mara nyingi, nikatoka mikono mitupu mara nyingi zaidi. Vifaa vyenyewe vinakuja na kamusi za lugha kubwa za Ulaya, ila ukigusa neno la Kiswahili hakuna maana inayotokea. Kwa hiyo pesa ya vitabu vya Kiswahili bado itenge kando: duka la Text Book Centre kwa vipya, duka la Nuria kwa waandishi wanaojichapishia, na vya inama kwa vile vilivyokwisha kutoka madukani. Maktaba ya McMillan pale Wabera Street, iliyofunguliwa 1931, nayo usiisahau. Mimi Jumamosi hubeba vyote viwili, Kindle mfuko wa mbele, na nyuma naacha nafasi ya kile nitakachookota.