Miezi kumi na Canon SX50 HS: mzee mwenye mkono mrefu

Nilitaka kitu cha kupigia picha za ndege bila kubeba lenzi nzito kama mtoto mchanga. Mtu akaniuzia SX50 HS yake iliyokuwa imelala kabatini. Ilitoka mwaka 2012, kwa hiyo katika ukoo wa kamera za kidijitali huyu ni mzee.

Sifa yake ni zuumu ya mara 50. Kwa kipimo cha kamera za filamu za milimita 35, inaanzia milimita 24 na kufika 1200, na kamera yenyewe haifiki gramu 600. Siku ya kwanza nililenga doa jeusi kwenye kilele cha mti. Kumbe ni mwewe, na nikaona hata mdomo wake ulivyopinda. (Macho hayana pazia, lakini ukiwa na lenzi hii jifunze adabu: majirani hawajui kama unatazama ndege au madirisha yao.)

Mwezi ndio ulionimaliza kabisa. Zuumu ikifika mwisho, mwezi mpevu unajaza karibu nusu ya kimo cha picha. Ukiiacha kamera ijiamulie, utapata sahani nyeupe tupu, maana inaona anga jeusi na kudhani kuna giza. Mwezi unamulikwa na jua, basi upige kama kitu cha mchana. Mimi huweka ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na kasi ya sekunde 1/200, na mashimo yote yanaonekana.

Sasa gharama ya mkono huo mrefu. Lenzi imeweza kuwa ndogo kwa sababu kihisi cha mwanga kilicho nyuma yake ni kidogo mno, takriban milimita 6 kwa 4.6. Kitu kidogo hivyo hunasa mwanga kidogo, na zuumu ikivutwa mpaka mwisho tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.5 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Jua likishazama, au ukiingia ndani ya ukumbi, picha zinajaa chembechembe. Mimi sipiti ISO 800 ila kwa shida. Kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kunasaidia kuokoa kiasi, na nashukuru kwamba hata uzeeni inayo.

Ndege anayeruka? Sahau. Kufuata kitu kinachokimbia kwa milimita 1200 ni sawa na kumtafuta nzi kwa kuchungulia kwenye mrija. Ubavuni mwa lenzi kuna kitufe cha msaada: ukikibonyeza zuumu inarudi nyuma, unamwona ndege alipo, ukikiachia inarudi pale pale. Kwa ndege aliyetua ni raha, na sasa sijui ningeishije bila kitufe hicho. Kwa aliye angani, fokasi inachelewa na yeye ameshaondoka.

Kidirisha cha kuchungulia ni kibovu, nukta 202,000 tu, na rangi zake usiziamini. Hata hivyo nakitumia, kwa sababu kamera ikiegemea uso haitikisiki sana. Skrini haiguswi lakini inafunguka na kugeuka pande zote, nami nimepiga uyoga bila kulala kwenye tope. Wi-Fi haina. Video ni ya 1080p, basi.

Jambo moja lilinichukua wiki kadhaa kulielewa: nyingi ya picha zangu zenye ukungu hazikuharibiwa na lenzi. Mchana wa jua kali, hewa iliyo kati yako na kitu cha mbali inachemka, na hakuna zuumu inayoipunguza. Tangu nianze kutoka alfajiri, kamera ile ile imekuwa kama mpya.

Ukiipata iliyotumika, vuta zuumu yote mbele na nyuma huku umetega sikio, kisha piga picha ya ukuta mweupe. Vumbi likiwa ndani litaonekana kama madoa, na lenzi hii haitoki. Halafu nunua betri ya pili. Mimi ya kwanza huniishia saa tatu asubuhi, ndege wakiwa bado wapo.