Boksi la joto na baridi la kupimia saketi nyumbani: kipi ununue kwanza

Bodi ya saketi inayofanya kazi vizuri mezani imethibitisha jambo moja tu: kwamba inafanya kazi mezani. Ipeleke juu ya paa ikae kwenye kasha linalochomwa na jua, au ndani ya chumba cha kuhifadhia vitu vya baridi, uone mengine. Kapasita za elektroliti hupungua uwezo zikipoa. Skrini ya LCD huanza kuburuta. Volti ya rejeleo, ile ambayo saketi hupimia nyingine, huhama kidogo kidogo, na saa hupoteza majira.

Hilo la saa ndilo mfano ninaoupenda, kwa sababu unaweza kulipigia hesabu kabla ya kulipima. Kristali ya 32.768 kHz, kipande kinachotetemeka na kuhesabu muda, inayoendesha saa za mikrokontrola (kompyuta ndogo za chipu moja) nyingi hutengenezwa iwe sahihi karibu na nyuzi 25 za Selsiasi. Ukitoka hapo, kuelekea joto au kuelekea baridi, hupunguza mwendo: chukua tofauti ya nyuzi, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa takriban 0.034, upate sehemu kwa milioni. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri tofauti ni 40, kwa hiyo ni kama sehemu 54 kwa milioni, yaani saa inachelewa sekunde 4.7 hivi kwa siku. Kwenye nyuzi 65 inachelewa kiasi kilekile. Kuliona hilo kwa macho yako hakuhitaji maabara. Kunahitaji boksi lililofungwa ambalo joto lake unalijua.

Chemba za viwandani zinafanya kazi hiyo vizuri sana, ila bei yake inawashinda wengi. Zifuatazo ni njia za nyumbani, nimezipanga kwa utaratibu ambao mimi ningenunua. Kigezo changu kikuu ni hiki: joto ni rahisi kulipata, baridi ndiyo inayomaliza fedha. Basi bajeti iende kwenye baridi na kwenye vipimo. Joto lipewe kinachobaki.

Kabla ya kununua, amua unataka kufika wapi. Vipuri vya daraja la kawaida kwa desturi huandikwa nyuzi 0 hadi 70, vya viwandani hasi 40 hadi 85. Kufika hasi 40 nyumbani ni kazi nzito. Lakini kati ya hasi 18 na 65 makosa mengi ya usanifu hujitokeza yenyewe, na huko ndiko ninakolenga.

1. Maboksi mawili: friza ndogo na mashine ya kukaushia matunda

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, bila kusita. Friza ya kawaida hukaa karibu na hasi 18 bila wewe kujenga chochote. Mashine ya kukaushia matunda, ile yenye feni na kitufe cha kuchagua joto, mara nyingi hutoa kuanzia nyuzi 35 hadi 70, na hewa yake tayari inazunguka. Unaihamisha bodi kutoka moja kwenda nyingine kwa mkono. Wala si njia ya mkato ya kuonea aibu: kiwango cha kimataifa cha kupima vifaa, IEC 60068-2-14, kina jaribio liitwalo Na, la mabadiliko ya ghafla ya joto, ambalo kwa kawaida hufanywa kwa kuhamisha kifaa kati ya chemba mbili.

Unapochagua friza, angalia mpira wa mlango kuliko kitu kingine. Ukiwa laini na mzima, waya bapa hupita chini yake na mlango bado unafunga. Usitoboe ukuta. Friza nyingi zina mabomba ya gesi ndani ya kuta, na mpya nyingi zinatumia gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Kwa kuwa kompresa huwaka na kuzima, joto la ndani hupanda na kushuka. Weka bamba nene la alumini chini ya bodi, mawimbi hayo yatatulia.

Udhaifu wake ni mmoja: huwezi kupandisha joto polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku ukirekodi. Kama unataka mstari kamili wa kipimo dhidi ya joto, nenda namba mbili.

2. Friza ya gari ya kompresa, ikiwekewa hita

Hakikisha ni ya kompresa. Kuna maboksi yanayofanana nayo kwa sura lakini ndani yana moduli ya Peltier tu (bamba ambalo, likipitishwa umeme, hupoa upande mmoja na kupata joto upande wa pili), na hayo hushusha joto kwa nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la chumba, basi. Ya kompresa hufika hasi 18 au hasi 20. Ndani yake weka rezista za nguvu zilizovikwa alumini, zilizofungwa kwenye bamba, pamoja na feni ndogo. Sasa una chemba moja inayokwenda pande zote mbili.

Mipaka yake uiheshimu. Plastiki ya ndani na povu lake havikutengenezwa kwa ajili ya joto kali, kwa hiyo mimi nisingevuka nyuzi 50. Na kompresa isiwashwe wakati ndani bado kuna joto. Acha boksi lirudi kwanza kwenye joto la chumba. Ikishazima, ipumzike dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena.

3. Boksi la povu na moduli ya Peltier

Wengi huanzia hapa, na wengi hukata tamaa hapahapa, kwa sababu wamesoma namba moja kwenye tangazo na kuiamini. Tuichambue.

Chukua boksi la povu jeupe la polistirini, ndani lina sentimita 30 kila upande, ukuta una unene wa sentimita 5. Joto litakalopenya ni kama wati 0.38 kwa kila nyuzi ya tofauti. Chumba kikiwa nyuzi 25 na wewe unataka 0 ndani, unahitaji kutoa wati 9.5 mfululizo, bila kuhesabu feni na bodi yenyewe. Moduli maarufu ya TEC1-12706 hutangazwa kuwa inahamisha zaidi ya wati 50. Kweli, ila wati hizo zinapatikana pande zake mbili zikiwa na joto sawa. Tofauti ikikaribia nyuzi 66, haihamishi chochote. Katika matumizi halisi upande wa moto utakuwa nyuzi 45 na wa baridi hasi 7, tofauti 52, na kinachobaki ni wati kumi na kidogo. Umefika sifuri kwa shida, na hapo ndipo mwisho wako.

Kubandika moduli mbili zinazofanana moja juu ya nyingine hakusaidii sana, kwa sababu ile ya nje inabeba joto la mwenzake pamoja na umeme wote ambao mwenzake ameula.

Lakini usiidharau. Kwa boksi dogo la kati ya nyuzi 5 na 50, ni nzuri mno: haina gesi, na ukigeuza mwelekeo wa mkondo inapasha badala ya kupoza. Punguza ukubwa wa boksi, nunua hitisinki (chuma chenye mapezi ya kutoa joto) kubwa ya kompyuta yenye feni, na umeme uuongeze na kuupunguza taratibu badala ya kuwasha na kuzima kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Moduli ikizimwa, joto la hitisinki linarudi ndani kupitia humohumo.

4. Barafu kavu

Ni kaboni dioksidi iliyogandishwa. Inageuka gesi kwenye hasi 78.5, kwa hiyo hasi 40 inafikika. Inunuliwe na mwenye haja hiyo tu, kwa siku ya kazi hiyo, maana haihifadhiki. Boksi lisifungwe kabisa kwa sababu gesi hujaa na kupasua. Chumba kiwe na hewa ya kutosha kwa sababu kaboni dioksidi inaua. Mikono ivae glavu nene.

5. Chemba ya maabara iliyotumika

Ni nzuri ukiwa na nafasi. Nyingine hudai umeme wa fezi tatu. Usilipe kabla hujaiona ikishuka hadi joto lililoandikwa, mbele yako, na kukaa hapo.

6. Oveni ndogo ya mezani

Inapasha tu, hita yake ni kubwa kupita kiasi, na thamostati yake inayumba. Nunua ikiwa lazima uvuke nyuzi 80.

Sasa vipimo, ambako makosa ya ununuzi ni rahisi kufanya. Sensa ya joto ya DS18B20 inatosha kwa wengi: ina usahihi wa nusu nyuzi kati ya hasi 10 na 85. Ukitaka themokapo (sensa ya joto ya nyaya mbili za metali tofauti) ya aina ya K, usichukue moduli ya MAX6675, kwa sababu haisomi chini ya sifuri, chukua MAX31855. Kidhibiti cha aina ya STC-1000 kina rilei mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza, pamoja na muda wa kuchelewesha kompresa. Kwa kuanzia hakuna haja ya kingine. Sensa moja ikae hewani, nyingine ibandikwe juu ya bodi, maana bodi inayofanya kazi huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka. Zote zichovye kwanza kwenye barafu iliyopondwa yenye maji, zisome sifuri.

Kwenye laini ya hita weka fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, isiyotegemea kidhibiti wala programu. Rilei za SSR (zisizo na sehemu zinazosogea) zikiharibika, mara nyingi hubaki zimewaka. Povu la polistirini huanza kulegea karibu na nyuzi 80, kwa hiyo boksi la povu likome 65, na hita isiliguse popote. Gundi nayo ichague vizuri: yenye kiyeyusho ndani yake hulila povu. Betri za lithiamu zibaki nje. Iendeshe bodi kwa waya kutoka kwenye pawa sapulai.

Unyevu ndio unaoharibu bodi nzima iliyofaulu jaribio. Ikitoka kwenye friza, unyevu wa hewa ya chumba huigandia na kuwa maji papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vifuko vya silika kabla hujaiingiza, na ikitoka usiufungue mfuko hadi sensa iliyo juu ya bodi isome sawa na chumba.